Uso wa Mtafuta Kazi, Ng'ambo Mbili za Ruvuma

Pundanhar ni kijiji cha wilaya ya Palma, Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma. (Wanafunzi waelezwe kuwa nh ya Kireno ni ny yetu.) Mwaka 1891 Ureno iliikabidhi Kampuni ya Nyasa nchi yote tangu Ruvuma hadi Lurio, nayo ikaitawala hadi 1929 kwa kodi ya nyumba na kazi za shuruti. Wamakonde wengi wakavuka mto, wakatafuta kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika.

Mtu hakuhitaji kusema atokako. Uso ulisema: chale zilizokatwa kwa kisu na kutiwa masizi, meno yaliyochongwa, na kwa wanawake ndonya mdomoni. Kwao chale zilikuwa fahari na ushahidi wa ushupavu. Ng'ambo zikawa alama ya ugeni, na wenye chale wakaitwa Wamawia, jina la kupewa.

Na aliyebaki nyumbani? Amri ya mwaka 1917 ilimtaka Mwafrika atakaye kuhesabiwa “assimilado”, na hivyo kuepuka shuruti, ajue Kireno, awe na kazi, na aziache mila za watu wake. Suruali huvaliwa siku moja. Lakini chale zitavuliwaje? Sharti hilo, naona, lilimfungia mlango Mmakonde kabla hajafungua kinywa.

Ubaguzi huo wa kisheria ulifutwa mwaka 1961. Baada ya uhuru wa 1975 vijana wachache mno walichanjwa. Chale zikabaki katika nyuso za wazee.