Ardhi Iliyopimwa Nusu: Kutoka Ombaci hadi Koboko

Shamba la ukoo wetu liko Ombaci, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Arua, kwenye barabara iendayo Koboko. Mwaka juzi baba mdogo alitaka kuchimba msingi wa nyumba za kupangisha, kwa sababu mji unakua na viwanja vimepanda bei. Bibi alimzuia. "Mwanangu," alimwambia, "umeuliza nani amelala hapo?" Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika insha hii. Hoja yangu ni kwamba ardhi iliyoharibiwa na vita huhitaji tathmini mbili: ya chuma na ya kumbukumbu. Huku kwetu West Nile, ya kwanza ilifanywa hadi ikatangazwa kukamilika. Ya pili bado tumewaachia wazee.

Tuanze na chanzo. Mwezi Aprili 1979 serikali ya Idi Amin iliangushwa. Kwa kuwa askari wake wengi walitoka West Nile, wenyeji walionekana wote kuwa watu wake. Oktoba 1980 askari hao wa zamani walivuka mpaka kutoka Sudan na Zaire, wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, UNLA, liliporudi lilimalizia hasira zake kwa raia. Watu wengi mno walikimbilia ng'ambo ya mpaka. Baadhi ya waliobaki walitafuta hifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA waliingia humo na kuwaua. Waliouawa walizikwa papo hapo, wengi katika kaburi la pamoja.

Wakimbizi waliporejea miaka ya 1980, amani haikudumu. Katika miaka ya 1990 waasi wa WNBF na baadaye UNRF II walipigana na serikali, na mabomu yakategwa ardhini katika njia na mashamba. UNRF II walitia saini mkataba wa amani na serikali Desemba 2002, lakini bomu lililofukiwa halijui mkataba. Mkulima aliyeogopa kijia kimoja aliacha shamba zima. Hivyo ardhi iliyotegwa kidogo ilipotea kwa wingi.

Hapa ndipo tathmini ya chuma ilipoingia. Uganda ilitia saini Mkataba wa Ottawa mwaka 1997 na kuuridhia mwaka 1999, ikawajibika kusafisha maeneo yote yenye mabomu ndani ya miaka 10. Muda haukutosha, ikaongezewa. Kazi yenyewe huanza kwa maswali: wapi mtu aliumia, wapi ng'ombe alikufa, njia ipi haipitwi? Majibu huchorwa kwenye ramani. Kisha wategaji wa zamani, inapowezekana, huulizwa, na wataalamu hupita na vifaa vya kugundua chuma, hatua kwa hatua. Eneo likisafishwa hukabidhiwa wenyewe walime. Desemba 2012 Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kazi hiyo.

Jambo linalonivutia ni kwamba kazi hiyo ya kitaalamu ilitegemea kwanza vinywa vya wanakijiji. Kifaa hakikutangulia, mzee ndiye aliyetangulia. Lakini mzee aliulizwa habari za mabomu tu. Kifaa cha chuma hakilii juu ya mfupa. Kaburi la pamoja la misheni linajulikana, na waliouawa hukumbukwa kila ifikapo Juni. Je, wale waliozikwa haraka usiku, nyuma ya nyumba, na jamaa waliokuwa wakikimbia? Ramani yao imo vichwani mwa watu wenye umri wa bibi yangu.

Wapo watakaosema kwamba kufukua habari hizi ni kuchelewesha maendeleo. Mimi naona kinyume. Kilichowazuia watu kulima hakikuwa bomu peke yake, bali kutojua liko wapi. Hali ni hiyo hiyo kwa makaburi: kiwanja chenye shaka huzaa ugomvi kati ya ndugu, na nyumba iliyojengwa juu ya shaka haikaliwi kwa raha. Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kubomoa.

Nyumbani tulifanya hivyo. Bibi alitembea nasi shambani, akionyesha kwa fimbo yake. Sehemu mbili alisimama, akanyamaza. Baba mdogo alizizungushia mawe, akasogeza msingi hatua ishirini kuelekea barabarani. Mimi nilichora ramani kwenye daftari la chuo na kuandika majina aliyoyataja.

Ramani hiyo ni ya shamba moja tu. Ninapendekeza sisi wanafunzi wa historia tuchore nyingine, shamba kwa shamba, likizo kwa likizo. Mashahidi wa 1981 waliokuwa vijana wa rika letu sasa wamepita miaka 60.