Mbegu za kienyeji na haki ya kugawana

Kupeana mbegu baina ya majirani ni desturi kongwe ya wakulima wa Bonde la Ufa. Mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Maharagwe huchanganywa na majivu. Aombaye mbegu hupewa pamoja na maelezo ya kuitunza, na pengine maelezo hayo ndiyo yenye thamani zaidi.

Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, iliyorekebishwa mwaka 2012, iliigeuza desturi hiyo kuwa hatia. Aliyegawa au kuuza mbegu zisizoidhinishwa alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi Sh1 milioni. Hata hivyo, mjini Gilgil, Kaunti ya Nakuru, shirika la Seed Savers Network liliendelea kuwasaidia wakulima kuanzisha benki za mbegu za kijamii.

Mwaka 2022, wakulima wadogo 15, wakiungwa mkono na watetezi wa mbegu za asili, waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu, Machakos. Walitegemea Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010, kinacholiagiza Bunge kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake katika jamii. Mnamo Novemba 27, 2025, Jaji Rhoda Rutto alibatilisha vipengele vilivyowazuia wakulima kugawana mbegu, pamoja na kile kilichowaruhusu wakaguzi kuvamia benki hizo na kutwaa mbegu.