Ufungaji wa betri ya gari (Kibiti na delta ya Rufiji)

Ufungaji wa betri ya gari ni kazi ya kuikaza betri mahali pake ili isicheze, isipinduke, na vichwa vyake visiguse chuma. Hukaguliwa na askari wa usalama barabarani, na kwenye mbio za magari hukaguliwa na wakaguzi wa ufundi kabla gari halijaruhusiwa kuanza. Makala hii inahusu zaidi Wilaya ya Kibiti na delta ya Mto Rufiji, mkoani Pwani, ambako gari huondoka kwenye lami na kuingia rafu rodi ndani ya safari moja, na ambako betri iliyolegea ni jambo la kawaida kupita kiasi.

Uzito na hatari zake

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ina seli sita, na ikijaa chaji husoma volti 12.6 hivi. Ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 15 hivi, na ya aina ya N70, ambayo hutumika sana kwenye Hiace za dizeli na pikapu, hukaribia kilo 20. Ndiyo maana betri lazima ihesabiwe kuwa mzigo, hata ikiwa imejificha chini ya boneti. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa likigonga mti na kusimama ndani ya sentimita 70, kila kitu ndani yake hutupwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Betri ya kilo 15 wakati huo huvuta kama mzigo wa kilo 300. Nyaya hazikutengenezwa kuzuia uzito huo, wala vichwa vya betri.

Kichwa cha chanya kikigusa bodi, mkondo wa mamia ya ampea hupita kwa mkupuo mmoja, na waya huwa mwekundu kabla fundi hajapata spana. Betri inayochajiwa hutoa pia gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Asidi inayomwagika hula rangi, chuma, nguo na ngozi.

Hasara nyingine huja polepole. Mtikisiko hudondosha unga wa sahani za risasi mpaka chini ya seli na kuvunja viunganishi vya ndani. Mwenye gari huona betri “imekufa” mapema na kumlaumu muuzaji, kumbe chanzo ni nati mbili ambazo hazikurudishwa.

Namna ya kufunga

Magari mengi ya Kijapani yana sinia ya chini, chuma cha kupita juu ya betri, na ndoano mbili ndefu zenye nati, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 10. Magari ya Kijerumani kama Volkswagen mara nyingi huibana betri kwa chini, kwa kabari inayokaza ukingo wa sanduku lake. Njia zote mbili ni nzuri mradi betri iwe ya saizi iliyokusudiwa. Betri ndogo ya NS40 ikiwekwa kwenye sinia ya N70 huacha pengo, na hapo ndipo huingia kipande cha ubao, boksi lililokunjwa au mpira wa tyubu. Mpira wa tyubu hulegea kwa joto la injini, na boksi hunyonya asidi. Hakuna hata kimoja kinachofaa kuitwa kifungo.

Upande wa vichwa nao una maana yake. Betri za saizi moja huuzwa kwa mpangilio wa kulia na wa kushoto. Fundi akichukua isiyo yake, kichwa cha chanya hujikuta kando ya bodi, au waya huvutwa mpaka ukakaa juu ya kitu chenye ncha. Kimo kinahitaji uangalifu uleule, kwa kuwa betri ndefu inaweza kugusa boneti inapofungwa. Kofia ya mpira juu ya kichwa cha chanya ni sehemu ya ufungaji na si pambo.

Wakati wa kufungua, waya wa hasi hutangulia kutoka. Wakati wa kufunga, hurudishwa mwisho. Sababu ni kwamba hasi imeungwa na bodi nzima: ikiwa bado imeshika, spana iliyo kwenye chanya ikigusa chuma chochote hufunga mzunguko. Hasi ikiwa imeshatoka, spana hiyo haina madhara.

Nati za chuma cha juu hukazwa mpaka betri itulie, bila kuzidisha, kwani sanduku la plastiki hupasuka. Jaribio linalotumiwa na mafundi rewaya wengi halihitaji kifaa: shika sanduku la betri, si nyaya, ulitikise kwa nguvu. Gari lote likitikisika pamoja nalo, kazi ni nzuri.

Kanuni za mbio za magari

Mbio zilizozoeleka zaidi Afrika Mashariki ni rali za barabara za vumbi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, aliishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Ugumu wa njia zile unaonekana vizuri katika matokeo ya mwaka 1968, ambapo magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mashindano hayo yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, Kenya. Nchini Tanzania mchezo huu uko chini ya Chama cha Magari Tanzania, AAT, ambacho ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la FIA.

Kanuni za FIA kuhusu betri ni fupi na zinaeleweka. Kila betri lazima ikazwe imara na kufunikwa ili isilete shoti wala kuvuja. Ikihamishwa kutoka mahali pake pa asili, lazima ikae kwenye kiti cha chuma na kushikwa na mikanda miwili ya chuma iliyovikwa kihami umeme, ikifungwa sakafuni kwa bolti na nati. Bolti hizo ziwe na kipenyo cha milimita 10 au zaidi. Chini ya bodi, kila bolti iwe na bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 20 za mraba, yaani kama sentimita 5 kwa 4.

Bamba hilo ndilo linalosahauliwa na wengi wanaojitengenezea magari, na ndilo lenye maana kuliko yote. Bati la sakafu ni jembamba. Bolti yenye wosha ndogo hulitoboa na kuchomoka ikiwa nzima na nati yake, lakini bamba pana hutawanya mvuto kwenye eneo kubwa.

Gari la rali pia huwa na swichi kuu inayokata saketi zote na kuzima injini, isiyotoa cheche, na inayofikika ndani na nje. Ile ya nje huonyeshwa kwa alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe. Waokoaji wanaofika kwenye gari lililopinduka huitafuta alama hiyo kwanza.

Barabara ya Kibiti

Mji wa Kibiti uko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, kilomita zisizofika 150 kutoka Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Daraja hilo lina urefu wa karibu mita 970. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, ndicho kilichochelewa kupata lami, na kwa miaka mingi mabasi yalikwama humo wakati wa masika.

Lami haikumaliza mtikisiko. Kutoka Bungu, njia ya Nyamisati huelekea bandari inayotumiwa na wasafiri wa Mafia, na barabara za vijijini zina mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Mwezi Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu eneo la Somanga.

Maji ya chumvi

Ndani ya delta, yenye mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika Mashariki, betri za aina ileile huwekwa kwenye boti za mashine. Maji ya chumvi yakiingia kwenye seli hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, hivyo betri ya boti hufungwa kwenye sanduku lililoinuliwa juu ya maji yanayokusanyika chini. Kwa magari ya pwani, unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa huoshwa kwa maji yenye magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa, kisha hupakwa grisi.

Ukaguzi wa polisi

Ukaguzi wa magari na utoaji wa stika hufanyika kila Wiki ya Nenda kwa Usalama. Macho ya wengi huwa kwenye tairi, breki na taa. Betri hutazamwa boneti inapofunguliwa.