Mary Anning, mwanamke aliyefumbua mawe

Kusini mwa Uingereza, kando ya bahari, kuna mji mdogo jina lake Lyme Regis. Magenge ya udongo mweusi na mawe yamesimama juu ya pwani yake. Wakati wa baridi mvua na mawimbi huyabomoa, na ndani yake hutokea mifupa ya wanyama wa kale mno, iliyogeuka kuwa jiwe. Ndiyo tunayoita visukuku.

Hapo alizaliwa Mary Anning, tarehe 21 Mei 1799. Baba yake alikuwa seremala, tena aliokota visukuku na kuwauzia wageni. Mwaka 1810 akafa, akaacha madeni. Basi Mary na kaka yake Joseph wakashika kazi ile ya mawe, si kwa mchezo, bali kwa kutafuta chakula.

Mwaka 1811 Joseph aliona kichwa kikubwa chenye meno mengi. Mwaka uliofuata Mary akaipata mifupa ya mwili. Wenyeji walidhani ni mamba. Kumbe ni mnyama wa bahari asiyekuwapo tena duniani. Wenye elimu wakamwita iktiosauri, maana yake samaki-mjusi. Mifupa hiyo iliuzwa kwa pauni 23 hivi.

Mary hakusoma shule kubwa. Alinakili kwa mkono maandiko ya wataalamu, akapasua samaki ili ajue viungo vyao. Mwaka 1823 akachimbua plesiosauri mzima, mnyama mwenye shingo ndefu ajabu. Georges Cuvier wa Ufaransa, bingwa wa mifupa, alishuku kwamba ni udanganyifu. Wataalamu wa London wakachunguza, na Cuvier akakiri kuwa amekosea. Lakini William Conybeare alipomweleza mnyama yule mbele ya Chama cha Jiolojia mwaka 1824, hakumtaja Mary hata kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa mara nyingi. Maskini alichimba, tajiri alinunua, mwenye elimu aliandika, akapata sifa. Chama kile hakikupokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1919.

Tena kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Mwaka 1833 genge liliporomoka ghafula, likamwua mbwa wake Tray, aliyekuwa karibu naye kabisa. Mary aliponea chupuchupu, kisha akarudi kazini.

Hata hivyo, si wote waliomsahau. Mwaka 1830 rafiki yake Henry De la Beche alichora picha ya wanyama wale wa kale, akatoa fedha za mauzo kumsaidia. Mary alipokufa kwa kansa tarehe 9 Machi 1847, akiwa na miaka 47, De la Beche, aliyekuwa mkuu wa Chama cha Jiolojia, alimsifu mbele ya wenzake. Mwaka 2022 sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis, pamoja na mbwa wake.

Mifupa aliyoitoa ingali London, katika jumba la makumbusho, na watu wengi huitazama. Ndugu msomaji, elimu haikai vitabuni tu. Hukaa pia katika jicho la anayetazama kwa bidii na mkono unaochimba kwa saburi. Tukimheshimu mwenye kuandika, tuulize pia: ni nani aliyechimba? Kumnyima jina lake ni kumnyima ujira wake.