Celeron N4000 au AMD A4-9125: Ipi inafaa katika kompyuta mpakato iliyotumika?

Katika maduka yanayouza kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, aina mbili za mashine za bei ya chini hukutwa zimepangwa pamoja, bei zao zikikaribiana: moja ina prosesa ya Intel Celeron N4000, nyingine ina AMD A4-9125. Zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta rahisi kabisa, na kila moja ina viini viwili.

Karatasi ya maelezo husema kwamba Celeron ina kasi ya gigahezi 1.1, ilhali A4 ina gigahezi 2.3. Wanunuzi wengi huhitimisha papo hapo kwamba ya pili ni ya haraka maradufu. Hitimisho hilo si sahihi, na laweza kumgharimu mwanafunzi au mwenye duka dogo fedha alizodunduliza kwa miezi kadhaa.

Tarakimu zinazopotosha

Gigahezi 1.1 na 2.3 ni kasi za msingi tu. Kazi inapokuwa nzito, prosesa hujipandisha yenyewe, na hapo zote mbili hufikia kikomo kilekile: gigahezi 2.6. Isitoshe, gigahezi huhesabu mapigo ya prosesa kwa sekunde, lakini haisemi ni kazi kiasi gani inayofanyika katika kila pigo. Mafundi cherehani wawili waweza kukanyaga kwa mwendo mmoja, mmoja akamaliza gauni huku mwenzake akiwa bado kwenye mikono.

N4000 ilitolewa na Intel mnamo Desemba 2017, katika familia iitwayo Gemini Lake, kwa teknolojia ya nanomita 14. A4-9125 ni ya familia ya Stoney Ridge, ambayo AMD iliitangaza mwaka 2016 na ambayo bado ilitumia nanomita 28. Usanifu wake, Excavator, ni tawi la mwisho la ukoo ulioanza na Bulldozer mwaka 2011. Katika usanifu huo, viini viwili hutumia kwa pamoja sehemu inayofanya hesabu za desimali, hivyo kimoja hulazimika kumsubiri mwenzake. Akiba ya kumbukumbu iliyomo ndani ya prosesa, ile ya ngazi ya pili, ni megabaiti 4 kwa Celeron na megabaiti 1 kwa A4.

Kwa matumizi ya kila siku, yaani kuandika barua, kusoma habari na kujaza fomu mtandaoni, tofauti ni ndogo, na kwa jumla Celeron hutangulia kidogo. Kwa hakika hakuna hata moja kati yake inayostahili kuitwa ya haraka. Mtumiaji akifungua kurasa nyingi kwa pamoja huku akishiriki mkutano wa video, zote zitaelemewa. Kwa upande wa picha, Radeon R3 iliyomo katika A4 si dhaifu kwa michezo ya zamani, ingawa prosesa hiyo huwasiliana na RAM kwa njia moja tu, na nguvu yake haionekani yote.

Umeme na joto

Hapa ndipo umbali kati yake unapokuwa mkubwa. Kiwango cha joto kilichowekwa na watengenezaji ni wati 6 kwa N4000 na wati 15 kwa A4-9125. Tarakimu hizi si kipimo kamili cha umeme unaotumika, kwa kuwa kioo na diski navyo vina sehemu yao, lakini zinaonyesha mzigo ambao mashine imeandaliwa kuubeba. Kwa nyumba inayotegemea paneli ndogo ya sola, au mtaa ambao umeme hukatika jioni, betri inayodumu muda mrefu zaidi ina thamani kuliko michezo ya zamani.

Kompyuta nyingi zenye N4000 hazina hata feni. Zile zenye A4 kwa kawaida huwa nayo, na feni iliyovuta vumbi kwa miaka huifanya prosesa ipate joto na kujipunguza kasi. Anayeitaka mashine ya namna hiyo na aiwashe dukani kwa robo saa, asikilize mngurumo wake na kuugusa upande wa chini.

Suala la Windows

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Asiyejiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza hapati tena masahihisho ya usalama. N4000 imo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, A4-9125 haimo. Wapo mafundi wanaoweza kuiingiza Windows 11 katika A4 kwa njia ya pembeni, lakini Microsoft haitoi dhamana kwamba mashine ya aina hiyo itaendelea kupokea masasisho. Kwa mtu anayefanya miamala ya benki kwenye kompyuta yake, hoja hii pekee yatosha kuamua.

Hata hivyo, Celeron nayo ina mtego wake. Windows 11 inahitaji RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, na mashine nyingi za N4000 ziliuzwa zikiwa na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 32, ambayo imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama na haiwezi kubadilishwa. Mashine kama hiyo imekidhi sharti la prosesa ikashindwa kwenye hifadhi. Kompyuta ya A4 yenye diski ya kawaida ya inchi 2.5, ikiwekewa SSD na mfumo wa Linux Mint usiolipiwa, itamfaa mwanafunzi kuliko Celeron ya gigabaiti 32.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. N4000 haina seti ya amri iitwayo AVX, na A4-9125 inayo. Kwa msomaji wa kawaida hilo si kitu, lakini anayejifunza uundaji wa programu atakuta kwamba MongoDB kuanzia toleo la 5.0 haifanyi kazi bila AVX.

Namna ya kuhakikisha

Majina ya nje hufanana mno. Lenovo, kwa mfano, iliuza IdeaPad 330 yenye prosesa ya upande wowote. Kinachotofautisha ni herufi kwenye kibandiko cha chini. 330-15IGM ni ya Intel, 330-15AST ni ya AMD. Kibandiko chaweza kubanduliwa, hivyo ni vyema kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kisha kufungua sehemu ya utendaji, ambapo jina la prosesa, ukubwa wa RAM na wa diski huonekana.

Kwa bei sawa, N4000 yenye hifadhi ya gigabaiti 64 au zaidi ndiyo ya kuchukuliwa. A4-9125 inafaa tu ikiwa bei yake iko chini kiasi cha kulipia SSD mpya. Mwenye uwezo wa kuongeza fedha kidogo na atafute mashine ya ofisi yenye Core i5-8250U, ambayo ina viini vinne na inakubaliwa na Windows 11. Core i5-6300U ya miaka iliyotangulia ni ya haraka kuliko zote mbili zilizolinganishwa hapa, ila nayo, kama A4, imeachwa nje ya orodha ya Microsoft.