Maji ya tangi la matumbawe

Maji ya tangi la matumbawe ni maji yasiyo na chumvi yanayochanganywa na chumvi maalumu ili yafanane na maji ya bahari, kwa ajili ya kufuga matumbawe, samaki na viumbe wengine wa miambani ndani ya tangi la kioo. Kwa kawaida hutumika maji yaliyosafishwa hadi yasibaki karibu na kitu chochote kilichoyeyuka, badala ya maji ya bomba.

Matumbawe ya Tanzania yako katika Bahari ya Hindi, kuanzia Tanga hadi Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Mfugaji wa pwani anaweza kuchota maji ya bahari, mradi awe mbali na bandari na midomo ya mito. Wa bara hana njia hiyo. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, bahari iko mamia ya kilomita, hivyo ni lazima kuanza na maji ya mto, bwawa, kisima au mvua.

Tofauti na maji ya kunywa

Maji yanayomfaa binadamu yanaweza kuua tumbawe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakubali hadi miligramu 50 za nitrati na miligramu 2 za shaba katika kila lita ya maji ya kunywa. Shaba hutumika pia kama dawa ya vimelea vya samaki, kwa takriban robo ya miligramu kwa lita au pungufu, na kipimo hicho tayari huua konokono, kamba na matumbawe. Nitrati na fosfati hulisha mwani, ambao hufunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Silika huleta utando wa kahawia kwenye kioo na mawe.

Klorini inayowekwa kuua vijidudu huondoka maji yakiachwa wazi kwa siku moja au mbili na kukorogwa. Kloramini, inayotumika katika baadhi ya miji duniani, haiondoki hivyo. Kuchemsha, kulikozoeleka majumbani, huua vijidudu lakini hakuondoi madini. Maji yakipungua sufuriani, madini huzidi kukolea.

Uvukizi

Maji yanapovukiza, chumvi na madini hubaki tangini. Ndiyo sababu tangi huongezewa maji yasiyo na chumvi, na kila kilichomo katika maji hayo hujilimbikiza. Kwa mfano, tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku huongezewa lita 1,095 kwa mwaka. Maji hayo yakiwa na miligramu 10 tu za nitrati kwa lita, tangi litakuwa limepokea miligramu 10,950, yaani kama 55 kwa kila lita, mbali na zile zinazotokana na chakula na kinyesi cha samaki.

Kusafisha

Mtambo wa kawaida huanza na chujio la tope na mkaa wa kunasa klorini. Kisha maji husukumwa kupita kwenye utando wa osmosisi kinyume, unaozuia sehemu kubwa ya madini, na mwisho hupita kwenye resini zinazonasa yaliyobaki. Kipimo cha madini yaliyoyeyuka kinapaswa kusoma sifuri. Kikianza kupanda, resini zimechoka.

Utando unahitaji mgandamizo wa baa 3 hadi 4. Kila mita 10 za kimo huleta baa 1 tu, kwa hiyo tangi la plastiki juu ya mnara wa nyumbani halitoshi bila pampu. Pia kwa kila lita safi, lita 2 hadi 4 au zaidi hutupwa. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo, hiyo ndiyo gharama kubwa, ingawa maji yanayotoka upande wa pili hufaa kufulia au kumwagilia bustani.

Maji ya Tarime na Serengeti

Mto Mara hutoka katika misitu ya Mau nchini Kenya na kupita Maasai Mara na Serengeti. Kinyesi cha viboko na mizoga ya nyumbu wanaozama wakivuka huuongezea nitrojeni na fosforasi. Ni rutuba kwa mto, ila si kwa tangi. Mji wa Mugumu hupata maji ya Bwawa la Manchira, na mabwawa hupokea mmomonyoko wa mashamba na malisho. Upande wa Tarime, karibu na Nyamongo, mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara na kuingia Mto Tigithe. Metali zilizoyeyuka hazionekani kwa macho wala hazichujwi kwa kitambaa.

Maji ya mvua yana madini machache, lakini yakipita juu ya mabati huchukua zinki, hivyo nayo yapitishwe mtamboni. Maji ya betri yanayouzwa gereji yanafaa ikiwa ni maji yaliyokenekwa pekee. Chupa za asidi huwekwa rafu hiyohiyo, na lebo isomwe kwa makini. Maji ya chupa ya kunywa mara nyingi huwa na madini yaliyobaki au kuongezwa.

Chumvi ya mezani, hata ya Uvinza, haifai kwa kuwa haina kalisi na magnesi ya kutosha. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, zikiwemo miligramu 400 hivi za kalisi na 1,300 za magnesi.

Kwa shule inayotaka tangi la kufundishia biolojia, furu wa Ziwa Viktoria ni chaguo rahisi zaidi: huwatosha maji ya bomba yaliyoondolewa klorini.