Moshi wa Motokaa na Maana Yake

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi pana moto. Neno hili ni kweli jikoni, lakini katika injini ya motokaa yafaa tuliongeze kidogo: pafukapo moshi mwingi, moto umepungukiwa na kitu. Ukilishika jambo hili, msomaji wangu, utakuwa umepata ufunguo wa habari nitakazokusimulia.

Simama kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Litein, Sotik na Bomet. Lori lililojaa majani mabichi ya chai lapanda mlima polepole, na nyuma yake watoto watokao shuleni wamefunika pua kwa sababu ya moshi mweusi. Ungependa lori hilo lipigwe marufuku mara moja. Lakini mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma analitegemea, kwa maana majani yakicheleweshwa huharibika kabla ya kufika kiwandani. Basi hapa pana haki mbili: ya mtoto kuvuta hewa safi, na ya mkulima kuuza jasho lake. Asemaye, "Liondoeni," amekata shauri upesi. Asemaye, "Liacheni," amekosea zaidi. Yapasa kwanza tuulize sababu.

Chai ilianza kulimwa kwa biashara kubwa katika nchi ya Kericho katika miaka ya 1920, katika ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, iliundwa Halmashauri ya Ustawi wa Chai ili kuwasaidia wakulima wadogo. Tangu hapo majani hayakutoka katika mashamba makubwa peke yake, bali pia katika vishamba vingi vilivyotawanyika milimani, na kazi ya kuyakusanya ikawa ya malori.

Nchi hii nayo ina tabia yake. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi: imepungua karibu sehemu moja katika tano kuliko hewa ya Mombasa. Sasa, ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, yahitaji karibu kilo 15 za hewa. Motokaa ya zamani yenye kabureta, iliyorekebishwa pwani, ikifika Kericho hupokea petroli ile ile na hewa pungufu. Lori kuukuu la dizeli lenye pampu isiyoweza kupima hewa hupatwa na mkasa huo huo. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hugeuka masizi. Kwa hiyo gari lisilo na kosa kubwa pwani laweza kushindwa milimani. Injini za siku hizi zina vipimo vya umeme ambavyo huhisi wepesi wa hewa na kupunguza mafuta zenyewe.

Fundi mwenye busara huanza kwa kutazama rangi. Moshi mweusi wamwambia kwamba mafuta ni mengi au hewa ni kidogo. Basi hukagua kichungi cha hewa, ambacho vumbi la barabara za udongo hukiziba upesi, kisha hukagua nozeli na pampu. Moshi wa buluu ni wa oili iliyopenya ndani ya silinda, na mara nyingi ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto waweza kuwa maji yanayovuja kwenye gasketi, au dizeli isiyoungua.

Lakini macho hayatoshi, kwani gesi iliyo hatari kuliko zote haina rangi wala harufu. Hiyo ni kaboni monoksaidi, iwezayo kumwua mtu aliyejifungia katika banda pamoja na injini inayonguruma. Ulimwengu ulichelewa kujifunza kupima yasiyoonekana. Mwaka 1943 ukungu mchungu uliufunika mji wa Los Angeles, Marekani, na watu hawakujua ulikotoka. Miaka michache baadaye mwanasayansi mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba mwanga wa jua huzigeuza gesi za motokaa na za viwanda vya mafuta kuwa ukungu ule. Ndipo jimbo la California likaweka kiwango cha gesi kwa motokaa za mwaka 1966.

Kutokana na elimu hiyo vilitengenezwa vyombo vya kupimia. Kwa petroli, mrija huingizwa katika bomba la moshi, na chombo husoma gesi. Kaboni monoksaidi ikizidi, mafuta ni mengi mno. Petroli isiyoungua ikizidi, huenda plagi haiwashi vema. Kwa dizeli, mwanga hupitishwa katika moshi, ukapimwa ni kiasi gani umezuiwa.

Kuanzia mwaka 1975 motokaa nyingi za Marekani zilifungwa chombo cha kusafisha moshi, ambacho ndani yake mna madini kama platinamu. Chombo hiki kina adui mmoja, nayo ni risasi. Tangu mwaka 1923 risasi ilikuwa ikitiwa katika petroli ili injini isigonge, ingawa ni sumu iharibuyo akili za watoto. Motokaa yenye chombo hicho ikinyweshwa petroli ya namna hiyo, risasi huyafunika madini, na chombo kikafa bila dereva kujua. Mwaka 2001 mataifa ya Afrika yaliyokutana Dakar yaliazimia kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 Kenya na nchi zote kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Mwaka 2015 ikafuata dizeli yenye salfa kidogo katika Afrika Mashariki. Nchini Kenya kanuni za moshi wa mafuta zilitolewa mwaka 2006, na za usafi wa hewa mwaka 2014. Jambo hili si la mzaha: mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliuhesabu moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani.

Hata hivyo, wako watu wanaokata chombo cha kusafisha na kukiuza kwa sababu ya madini yake, na wengine hupunguza mafuta ya pampu siku ya ukaguzi tu, kisha huyarudisha jioni. Hao wamekidanganya kipimo, lakini hawakuyadanganya mapafu ya mtoto aliye kando ya barabara.

Basi, msomaji, rudi pale mlimani ulitazame lori lile tena. Huenda tatizo lake ni kichungi kilichojaa vumbi, kitu cha bei ndogo kuliko nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Likitengenezwa, majani yatafika kiwandani na watoto wataacha kufunika pua. Haki zile mbili zilionekana kama zimegombana. Kumbe zilikuwa zikimngoja mtu wa kuuliza sababu.